Unga wa Kufika Jumamosi

Karani Cleopa alichota unga kwa kopo, akaliinua, kisha akapitisha kijiti juu ya mdomo wake, ukingo hadi ukingo, kama mtu anayefuta tope kwenye kizingiti. Kilima cha unga kilichokuwa juu kikarudi guniani. Hildegarda, aliyekuwa wa nne mstarini, alikitazama kikianguka. Miaka kumi alikuwa akija stoo kila Jumamosi kupokea posho ya mumewe, na miaka yote kumi kopo lilitoka na kilima chake. Kilima hicho ndicho kilichokuwa uji wa watoto.

"Karani, hicho kijiti kimetoka wapi?" mwanamke wa mbele akauliza.

"Ofisini."

Wanawake wakaguna. Kilikuwa kijiti cha mlingoti wa mkonge tu, wa aina ile ile waliyoichochea motoni kila siku.

Mnyapara Damiano akapanda juu ya sanduku. Alikuwa kijana, ndevu zake bado zinahesabika, lakini watu wazima wa kambi walimwamkia shikamoo naye aliitikia marahaba bila kugeuza shingo. Akasema maneno matatu tu, na watu wasiyarefushe. Mshahara wa wakata mkonge umepunguzwa. Posho sasa ni ya mfuto, haitajazwa kilima. Tena ni ya mfanyakazi peke yake. Wake na watoto wametolewa daftarini. Si kosa la shamba, akasema. Bei ya mkonge imeanguka Ulaya.

Mwamvua, jirani yake Hildegarda, akamgusa kiwiko. "Si kwenu huko? Kumeanguka nini?"

Kweli Hildegarda alizaliwa Ulaya, kijiji kilicho upande wa Zombo, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka shambani hapo. "Nilikwenda mwezi jana kumwona mama," akajibu polepole. "Hakijaanguka kitu ila paa la jiko la shangazi."

Wanawake wanne watano wakacheka, na kicheko kikamfikia Damiano pale juu ya sanduku.

"Chekeni," akasema. "Alhamisi, unga ukiisha, nitakuja kuwasikiliza tena."

Basi Hildegarda akapokea unga wake uliopigwa kijiti, akaufunga kwenye kanga, akaenda nyumbani. Ulikuwa mwepesi mkononi.

Hakuwa mwanamke wa kulia. Alikua katika njaa ile iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza, akaona mama yake akipika mizizi ambayo hata nguruwe pori aliiacha, na akajifunza jinsi nyumba inavyopunguzwa: unaanza na vile ambavyo mgeni haoni. Sabuni ikawa ya kwanza kuondoka. Nguo akazifua kwa majani ya mpapai, zikatoka zimefifia lakini zimetakata. Mafuta ya taa yakafuata. Chupa ikabaki ukutani na harufu yake, nao wakala kungali na mwanga, wakalala na kuku. Sukari ilisahaulika bila mtu kuiaga. Chumvi aliipata kwa kuchuja majivu ya majani ya migomba, chungu kidogo mdomoni, lakini ulimi ni mnyama wa kufugwa. Chai ikabaki Kilosa dukani, kwa Mhindi, na huko akaiacha.

Kilichobaki kilikuwa unga, na unga ulikuwa na mwenyewe.

Mumewe, Lupakisyo, alikuja kutoka Tukuyu pamoja na manamba wenzake, wamejazwa kwenye lori kama magunia, akamaliza mkataba wake, akaoa, akabaki. Alikata mkonge. Kila mkataji alikuwa na kipande chake, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukimaliza mafungu yako yote ya siku, karani anatia alama chumba kimoja. Ukipungukiwa na fungu moja tu, chumba kinabaki cheupe, hata kama umeinama tangu alfajiri, na hiyo siku umemkatia mkonge bure mwenye shamba. Na vyumba thelathini visipojaa kabla ya tarehe iliyoandikwa chini ya kipande, mshahara hakuna. Mshahara ulipunguzwa, posho ikapunguzwa. Mafungu yalibaki yale yale.

Kwa hiyo Hildegarda akapanga hivi: mkono unaokata ndio unaokula kwanza. Alfajiri, kabla chuma cha reli hakijagongwa pale ofisini, alichota kata moja ya unga, akaitia katika kifuko cha kitambaa, akakifunga fundo. Lupakisyo na wenzake watano wa kikosi walikuwa wakichanga unga huko shambani, kila mtu kifuko chake, wakasonga ugali katika debe moja saa nne jua likianza kuuma. Watoto na yeye mwenyewe walikula mara moja, jioni, mchicha pori mwingi na unga kidogo. Tena akamkataza mumewe jambo moja. Kwao ilikuwa desturi baba asimalize chakula chake. Husaza matonge mawili ya mtoto wa mwisho. Lupakisyo alipoisukuma sahani kuelekea kwa Perpetua mdogo, Hildegarda aliirudisha.

"Maliza. Tonge lako ni fungu la mkonge."

Akamaliza, macho yake chini. Perpetua akatazama tonge likipita.

Jioni, chungu kikichelewa kuchemka, mama aliwatega watoto vitendawili ili macho yao yatoke kwenye mafiga. Hapo ndipo nyumba ilipokuwa nyumba. Teresia, mkubwa, mwenye miaka tisa, alikuwa na kichwa chepesi. Lazaro alijibu "yai" kwa kila kitu, na mara moja moja alipata.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kadiri ninavyolipunguza ndivyo linavyozidi."

"Yai," akasema Lazaro.

"Shimo," akasema Teresia. "Ukichota udongo, linakuwa kubwa."

Wakishindwa, mama aliwadai mji, kama ilivyo kawaida, nao wakampa Kilosa. Kilosa aliikataa, kuna vumbi la treni. Wakampa Mikumi. Mikumi kuna simba. Mwishowe aliridhika na Morogoro, akawaambia jibu, na wakati huo mboga ilikuwa imeiva. Lakini mchana ilikuwa mwiko. Mtoto akitega kitendawili jua likiwaka, baba yake hupotea njia asirudi nyumbani. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na bibi yake, na hivyo ndivyo alivyowaambia. Siku hizo watoto walianza kuomba vitendawili tangu adhuhuri, naye aliwafukuza waende wakatafute kuni.

Wiki ya kwanza aliona kwamba unga ungekwisha Alhamisi. Aliupima kwa mkono wake: alipotumbukiza kiganja katika chungu cha unga kilichosimama kando ya kitanda, Jumatano vidole vilipaswa kugonga udongo. Jumatano ikafika, akatumbukiza, unga ukamfunika kiganja. Alhamisi, vidole. Ijumaa bado ulikuwepo, kidogo, lakini upo. Akasimama palepale na mkono mweupe, akacheka peke yake.

Wiki ya pili vilevile, na ya tatu. Akaanza kuuheshimu mkono wake. Ni ule mchicha, akawaza. Ni kule kutokorogakoroga. Ni ule mfuniko wa mti ninaofunikia chungu ili mvuke usitoke na kuni zisiungue bure. Akajifunza kujiibia mwenyewe: akapunguza kata ya jioni nusu kidole, na chungu kikamshukuru. Siku moja alipochota alikuta katika unga uzi mweupe wa mkonge, mrefu kama unywele. Akauchomoa, akautupa. Katika kambi ile nyuzi za mkonge ziliingia hata kwenye ndoto.

Lupakisyo alikuwa akikonda, lakini nani hakukonda. Akirudi mchana alikwenda moja kwa moja chumbani kupumzika, wakati Hildegarda akiwa mtoni au kwenye vijimatuta vyake vya mboga, na mkewe akirudi alimkuta amelala chali, mikono imekauka utomvu.

Ijumaa moja Mwamvua alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa mwenyeji wa tambarare ile, mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakuanza na mzaha. Watoto wake hawakula tangu jana asubuhi. Hildegarda akachota kata moja kutoka katika kile chungu, akampa. Mwamvua akautazama unga, akamtazama yeye.

"Dada, wewe unga huu unaupata wapi? Umeolewa na karani kisirisiri?"

"Mume wangu ni yuleyule," Hildegarda akasema. "Ni mkono tu." Akamketisha, akamweleza yote, mchicha, mfuniko, nusu kidole, na alipokuwa akieleza alijisikia mrefu. Ilikuwa muda tangu mtu yeyote amuulize anafanyaje jambo.

Mwamvua alieleza kisimani, kwa sifa, si kwa uovu. Kisimani kuna masikio. Alhamisi iliyofuata Damiano alikuja na Karani Cleopa na, nyuma yao, ameshika kofia isipeperuke, mke wa Bwana Meneja.

Hildegarda aliwaamkia wote. Mnyapara akaitikia. Memsabu aliinama kuingia, akakitazama chungu cha unga, akasema jambo kwa lugha yake, na Cleopa akalifasiri.

"Anauliza, unga wako unafika mpaka lini?"

"Unafika Jumamosi."

"Na unabaki?"

Hapo Hildegarda angeweza kusema Ijumaa, au angeweza kusema hajui. Lakini nyumba yake ilikuwa imefagiwa, watoto wamenyamaza vizuri ukutani, na yule mwanamke alikuwa amemtazama usoni akingoja jibu.

"Unabaki," akasema. "Hivi." Akaonyesha kina cha vidole vyake.

Memsabu akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza mkono wake mwenyewe, akautoa umefunikwa, akacheka kwa furaha ya kweli. Akampa Hildegarda mche mzima wa sabuni. Walipoondoka watoto waliinusa kwa zamu mpaka ikawa na alama za pua zao.

Jioni alimwonyesha mumewe. Lupakisyo aliipindua ile sabuni mkononi.

"Ulimwambia unabaki?"

"Si unabaki kweli?"

Aliipindua tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mguu gizani. "Ndiyo," akasema. "Unabaki." Kisha, akiwa amekwisha kugeukia ukuta: "Ungeniuliza kwanza, mama Teresia."

Hakuuliza alimaanisha nini. Alidhani ni wivu wa mume ambaye mkewe ametembelewa na wakubwa.

Jumamosi iliyofuata kopo lilikuwa jingine. Lilikuwa jipya, linang'aa, fupi kuliko la zamani kwa vidole viwili. Kijiti kilikuwa kilekile.

Mstari ukachafuka. Damiano akapanda juu ya sanduku lake, akangoja wamalize. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema.

"Kibaba kipi?" sauti ikatoka nyuma. "Hicho cha kufutwa?"

"Mnasema hautoshi. Mwenzenu unamtosha na kumbakia, Memsabu ameona kwa macho yake na kupima kwa mkono wake. Kama unabaki, basi ulikuwa mwingi. Mke wa Lupakisyo, inua mkono wakuone."

Hildegarda akauinua mkono. Hakujua la kufanya zaidi ya kuuinua. Ulikaa juu mpaka Damiano alipomwambia aushushe, na hakuna aliyemwangalia usoni. Wote waliutazama mkono.

Kabla ya magharibi Mwamvua alikuja na kata ya unga, lile deni la siku ile. Aliisimamisha juu ya kizingiti, akapitisha kidole chake juu yake, ukingo hadi ukingo, na kilichozidi akakirudisha katika pindo la kanga yake.

"Nimekurudishia mfuto," akasema. "Kama kwa wenyewe."

Tangu siku hiyo kisimani walimpisha, akachota maji bila kusubiri, na hakuna upweke kama kuchota bila kusubiri. Akarudi kwenye hesabu zake za vidole. Kwa kopo lile fupi alijua hata mkono wake hauwezi: Jumatano lazima chungu kionyeshe udongo chini. Lakini Jumatano ilipofika, unga ulikuwapo. Aliutazama kwa muda mrefu. Safari hii hakucheka. Akachota kata ya jioni, akaenda kwenye mafiga, kwa kuwa mtu akibarikiwa hakagui baraka.

Siku ya pili yake, Alhamisi, alikuwa anapalilia mboga aliposikia kitoroli cha mkonge kinashuka kwenye reli ndogo, na watu wanatembea kando yake badala ya kukisukuma. Juu ya mafungu ya majani mabichi alikuwa amelazwa Lupakisyo. Alikuwa ameanguka tangu saa tano. Mnyapara alisema kitoroli hakiwezi kushuka nusu, kwa hiyo walimlaza kivulini mpaka kilipojaa. Miiba ya majani ilikuwa imemchora mikono na shingo. Mafungu yake ya siku hiyo yalikuwa yamepungua manne, na chumba cha kipande kilibaki cheupe.

Vitalis, mkataji mwenziwe, alimbeba mgongoni mpaka kitandani. Akasimama hapo anapangusa panga kwenye kaptula, kama mtu mwenye deni.

"Shemeji, usinilaumu kwa kunyamaza. Mwenzetu huyu haji kwenye debe letu wiki nyingi sasa. Hachangi unga, hali. Tukimwita anasema wewe humlisha alfajiri akashiba mpaka hawezi kuinama. Sisi tulimwonea wivu hata."

Hildegarda akapiga magoti, akatia mkono mfukoni mwa kaptula ya mumewe. Kifuko kilikuwamo, kimejaa, kimefungwa fundo lile alilolifunga yeye mwenyewe asubuhi.

Akakiendea chungu. Hakutumbukiza mkono. Aliukumbuka ule uzi mweupe mrefu kama unywele, na akaona, kama vile alikuwapo, mtu anayerudi mchana nyumba ikiwa tupu, anafungua fundo, anamimina polepole ili lisionekane vumbi, kisha anakwenda kulala chali na njaa yake ili mkewe aje ausifu mkono wake.

Vitalis alipokwisha kuondoka alikoroga uji mzito, akamwinua kichwa. Mumewe akameza mara tatu.

"Kwa nini?" akamuuliza.

Lupakisyo akafikiri. "Nilidhani mkono utazoea," akasema.

Mganga wa shamba alikuja akampa dawa ya homa, ingawa hakuwa na homa. Vyumba ishirini na sita vilikuwa na alama. Vinne vilikuwa vyeupe, na tarehe iliyoandikwa chini ya kipande ilikuwa inakuja bila kumngoja mtu.

Ijumaa Damiano alisimama nje ya mlango, hakuingia, akazungumza akitazama paa. Kesho Memsabu ana mgeni, bibi kutoka Morogoro anayezunguka mashambani kuandika jinsi wake wa wafanyakazi wanavyotunza nyumba wakati huu mgumu. Hildegarda atapika mbele yao pale stoo, wanawake wote waone na wajifunze. Atapewa kopo lake la posho kama kawaida, hata kama kipande cha mumewe kimelala.

"Na nisipokuja?"

"Nyumba hii ni ya mkataji," Damiano akasema. "Kuna watu wanaokaa wawili wawili chumbani kule chini, wanaisubiri." Akageuka kwenda, kisha akasimama. "Njoo na chungu chako na ule mfuniko wako. Memsabu ameutaja."

Kwa hiyo Jumamosi Hildegarda alisimama mbele ya stoo, mafiga matatu miguuni pake, na wanawake wa kambi wakiwa wamepanga mstari, mifuko yao imekunjwa midogo kuliko zamani. Teresia alikuja kumbebea mchicha. Memsabu na mgeni wake walikaa kwenye viti vilivyotolewa ofisini, mgeni na daftari gotini. Cleopa alisimama kati, kijiti chake kikiwa nyuma ya sikio.

Alipika. Mikono yake ilifanya kazi iliyoijua: maji, mchicha, unga kidogo kidogo, mfuniko. Mgeni akaandika. Mstari ulinyamaza, ila ilisikika mtoto wa mtu akilia bila nguvu, kilio cha kuzoea. Chakula kilipoiva Memsabu alisema kitu, na Cleopa akamgeukia.

"Anasema, wanawake wote wanapewa kopo sawasawa, lakini unga wako peke yake ndio unaobaki. Mgeni anataka kujua siri yake ni nini."

Hildegarda alimtazama Mwamvua, aliyekuwa wa tatu mstarini. Mwamvua alikuwa anatazama kwingine.

"Mwambie siri ni mume wangu," akasema. Hakupaza sauti, lakini alisema wazi, na maneno yakafika mwisho wa mstari. "Hali. Unga wa chakula chake cha shambani anaurudisha chunguni. Sasa yuko kitandani hawezi kukaa. Unga haukuwahi kubaki. Haukuwahi, karani. Mwambie hivyo hivyo."

Mwamvua akageuza kichwa. Mstari wote ukageuza kichwa. Cleopa alibaki ameachama kidogo. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na watoto watano, na nyumba yake pia ilikuwa ya mtu mwingine. Alimtazama Damiano. Damiano alikuwa anamtazama yeye. Akakohoa, akainama kwa wale wazungu wawili, akasema maneno machache sana ya lugha yao, machache kuliko aliyopewa.

Memsabu akapiga makofi. Akaja mpaka kwenye mafiga, akauchukua ule mfuniko wa mti kwa ncha za vidole, akauinua juu watu wote wauone.

"Mfuniko," akasema kwa Kiswahili, polepole, na kila mtu akamsikia. "Mfuniko. Vizuri sana."

Mgeni akauchora katika daftari lake, na mpini wake.

"Anayefuata," Cleopa akaita, akalichukua kopo. Hildegarda alipewa wa kwanza. Kijiti kikapita. Alipofunga kanga yake na kugeuka, Mwamvua alikuwa ametoka mstarini, amesimama karibu naye. Alichukua chungu kilicho moto kwa upindo wa nguo yake, akakibeba upande mmoja, Hildegarda akabeba upande wa pili, wakaenda nacho nyumbani, na Damiano akaandika kwamba Mwamvua hakuchukua posho.

Wiki mbili baadaye tarehe ya kipande ikapita. Lupakisyo alikuwa amejaribu mara moja, akafika mpaka kwenye mti wa chuma cha reli, akarudishwa na Vitalis. Ile kazi ya vyumba ishirini na sita haikuwa ya mtu tena, mshahara hakuna. Wakaambiwa nyumba waiachie mwisho wa mwezi.

Jumamosi hiyo hiyo, kitoroli kilileta mzigo stoo kutoka karakana, na watu wakadhani ni unga. Ilikuwa mifuniko. Fundi alikuwa ameikata kutoka katika mapipa makuukuu, akaitia mipini ya waya, na kila nyumba ikagawiwa mmoja, bure. Kopo likabaki lile fupi. Hildegarda, ambaye jina la mumewe lilikuwa limetolewa daftarini, hakupewa unga, lakini mfuniko alipewa. Memsabu alikuwa ameagiza usisahauliwe.

Alirudi akakifunika chungu nao, kwa kuwa mfuniko ni wa kufunika, akakaa kizingitini. Jua lilikuwa utosini. Ndani Lupakisyo alikuwa anahema kwa mdomo. Perpetua alikuwa amelala, Lazaro akichimba ardhi kwa kijiti. Teresia akaja akachuchumaa mbele ya mafiga, akautazama ule mfuniko ulivyong'aa.

"Mama. Kitendawili."

Hildegarda aliangalia kivuli chake mwenyewe, kilichokuwa chini ya miguu yake, kidogo kama kitambaa. Angepaswa kumfukuza akatafute kuni.

"Tega," akasema.

"Nyumba yangu ina paa jipya, ndani haina mtu."

"Yai," akasema Lazaro bila kuinua kichwa.

Mama alilijua jibu, lilikuwa hatua mbili mbele yake juu ya majivu baridi. Teresia akangoja kwa heshima, muda ule unaotakiwa.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Kilosa."

"Kilosa siitaki."

"Chukua Mikumi. Chukua Morogoro."

"Morogoro unayo siku zote," mtoto akasema. "Nipe mwingine."

Ndani, kitanda cha kamba kililia mara moja, kama mtu amejaribu kugeuka, kisha kikanyamaza. Hildegarda alitazama njia inayokwenda Zombo, halafu ile inayokwenda relini, akitafuta mji wa kumpa mwanawe.